Hodi ya Bogumila

Hodi ya Bogumila huja baada ya mguu.
Kwanza slipa, kisha goti, kisha bakuli la supu,
ndipo neno lenyewe, nalo limeshachoka:
"Naweza?"

Tumepanga pamoja, Lodz, ghorofa ya nne,
vyumba viwili na jiko lisilotugeuza sote.
Chini ni reli ya tramu
na theluji iliyoshika masizi.

Nilifunga mlango. Akasoma: ana huzuni.
Akaleta supu ya bitiruti.
Nikavaa visikilizi. Akasoma: anapenda muziki.
Akachomoa kimoja, akakitia sikioni mwake,
akaketi kitandani pangu: "Nani huyu anaimba?"
Hakuwa mtu. Ilikuwa mvua,
mvua niliyoinunua ili nisimsikie yeye.
Nikabandika karatasi kwenye chupa: MAZIWA YA ZYTA.
Akachora ua pembeni ya jina langu,
akayanywa.

Nilimpa shibiri, droo moja ya friji;
kachukua pima,
na soksi zangu siku hizi zinaijua miguu yake
kuliko yangu.

Jumanne nilirudi kutoka zamu ya usiku.
Skafu ya mama ilikuwa juu ya mto,
imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe.
Miaka mitatu niliiweka katika mfuko uliofungwa,
nikiufungua mara moja kwa mwezi,
kwa pumzi moja tu, kwa uchoyo.
"Ilinuka nafthalini," akasema. "Na kitu kingine."

Kitu kingine.

Maneno yalipanda hadi kooni
yakamkuta ameshakunjua viganja kupokea asante,
viganja vyekundu, vimebabuka kwa maji baridi,
maana sufu haifuliwi kwa moto.
Hilo alilijua.

"Toka, Bogumila."

Akatoka. Hakuufunga mlango, haufungi kamwe.
Sasa nasikia kisu juu ya ubao,
tak, tak, bitiruti zinakatwa,
naye anajisemea peke yake: ana huzuni, maskini, ana huzuni.

Naileta skafu puani. Lavenda.
Naivuta tena, nikitafuta kwenye mshono, kwenye pindo,
mahali ambapo huenda sabuni haikufika.
Lavenda.

Safari hii, mpumbavu yule, amesoma sawa.

Mfukoni mwa koti nina kufuli
bado lina karatasi ya bei.
Slipa zinakuja. Zinafika kizingitini
na, sijui kwa nini, zinasita.