Fremu ya Nyuma, Sanaiya ya Nizwa

Saa kumi alfajiri, bati la paa halijashika moto,
nachora kwa chaki juu ya chuma cha Muhenna.
Lori lake nimelikata mkia.
Hapa zitakaa reli mpya, milimita nane,
na ndani yake bamba la pili,
kama fulana chini ya shati.

Atabeba tangi la maji mpaka jangwani Haima,
kwa ngamia wa mamake.
"Unga wima tu, upesi," alisema jana.
Nikakataa. Mshono wima huuonyesha ufa njia.
Nakata mshazari, ncha kama mdomo wa changu,
mzigo ukija usijue pa kuanzia.

Rafiqul ameshika upande wa pili.
Hatuna lugha moja ila futi kamba:
kona kwa kona, msalaba.
Imepishana milimita mbili.
Tunalegeza, tunagonga. Moja.
Tunalegeza tena.

Kisha moto, kidogo hapa, kidogo kule,
chuma kisikasirike kikajipinda.

Magharibi Muhenna anaupapasa mshono,
magamba yake yamelaliana.
Kwa Kiswahili alichoachiwa na bibi yake wa Wete
ananiambia: "Usiusage huu. Wala rangi usiupake.
Nataka nikilala chini ya gari niuone."

Grenda ilikuwa tayari mkononi.
Nikachomoa waya.