Dakika ya Arobaini

Saa moja asubuhi panya kalala, haamki tena.
Bwire ameshika mrija, mimi nimeshika pumzi.
Kimeng'enya kinapita mshipani
kikifungua seli moja moja, kama vishikizo vya shati,
mpaka ini linalegea mithili ya mkate kwenye chai
nami nalichana taratibu kwa kitana cha chuma.

Tone moja nalichanganya na rangi ya buluu.
Iliyokufa huinywa rangi bila kuuliza.
Iliyo hai hukataa.
Nahesabu kwenye hadubini: tisini kati ya mia zimekataa.
Yatima wa saa moja,
hazina damu, hazina jirani, hazina tumbo la kulisha,

na bado ziko kazini.

Natia leusini yenye alama. Nyuzi thelathini na saba.
Sifuri. Tano. Kumi. Ishirini.
Kila tone nilitoalo nalizima kwa asidi,
protini inaganda, nyeupe, utando wa uji uliopoa.
Dirishani usubi umepanda kutoka ziwani kama moshi,
korongo kasimama juu ya jabali, hana haraka na mtu.

Kaka yangu Mabula aliosha pikipiki Igombe,
maji magotini, miaka tisa.
Elfu moja; tope likizidi, elfu na mia tano.
Kichocho kilimwingia bila hodi,
kikajenga kuta ndani ya ini,
ikapungua ile protini inayoshika maji mishipani,
maji yakatafuta pa kukaa.
Tumbo likajaa.
Mama akasema, ziwa limemfuata nyumbani.
Mimi msomi nikasema, ni albumini, Mama, imeshuka.
Hakuna aliyeniuliza tena.

Watu husema maneno yamewakata maini.
Mimi nimeyakata maini kwa mkasi, Jumanne na Alhamisi,
sijaona bado maneno yanapoingilia.

Umeme unakatika.
Bwire anautukana kwa Kijita, anakimbilia jenereta.
Nazikumbatia chupa kwapani, kanuni hairuhusu,
nazitikisa, nazitikisa,
kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake.

Arobaini.

Leo Igombe ni arobaini yake.
Mbuzi kashachinjwa, shangazi Kabula kapiga simu mara sita.
Nilisema nitafika kabla ya jua la utosi.
Jua liko utosini, na seli zingali zinasoma
ujumbe ulioandikwa na mwili usiokuwepo,
zinaunga pingili kwa pingili,
albumini ya kumpelekea nani?

Natia tone kwenye asidi. Linaganda.
Daftarini naandika: 40, zinaendelea.
Kalamu inakataa kuondoka kwenye nukta.

"Nenda," anasema Bwire. "Ya sitini nitaitoa mimi."

Navua glavu. Nanawa mara mbili, hadi viwikoni,
kwa maji ya bomba,
yanayopandishwa mlimani kutoka kule kule.