Ukoga

Kwa mswaki wa mtoto, wa shilingi ishirini,
nakwangua ukoga kwenye meno ya mto.
Jiwe la kwanza, la pili; la tatu limeniponyoka.
Nyevu ashika chupa, aandika kwa kalamu ya risasi:
Jomvu Kuu, kijitoni, chini ya kivuko, saa moja na robo.

Mamangu Mwanakombo aliuchukia utelezi huu.
Hapa ulimvunja kiwiko, beseni likaenda na maji,
na kanga mbili hazikuonekana tena.
Tangu hapo, kila Jumamosi, kwa jivu na makumbi ya nazi
akayasugua mawe hadi yakawa meupe kama mayai,
nasi tukasema: mto umetakata.

Hatukujua.
Kule juu, nyuma ya mikorosho, liko josho la ng'ombe.
Lilikufa kabla sijazaliwa, saruji imepasuka,
ila dawa ya kupe haijasahau kazi yake.
Kila mvua hushuka kidogo, aseniki,
haina rangi, haina harufu,
haina hata adabu ya kuwa chungu.

Nani aliyeipokea njiani?
Si diwani.
Ni ute huu, umma usioonekana kwa macho,
uliojenga mji mgongoni mwa jiwe,
vichochoro vyake vyembamba kuliko vya Mji wa Kale.
Huikamata sumu mlangoni, huibadili jina,
ikalala humo, makali yamepungua.

Lakini msiusifu haraka.
Konokono hulisha papo hapo, na bata wa jirani humla konokono.
Na mafuriko ya Mei yakija, mji mzima hubanduka
kama utando wa maziwa,
ukateremka mikokoni na madeni yake yote.
Kilichowekwa amana hakikufutwa.

Jana karatasi ya maabara ilifika.
Maji yapitayo juu ya ukoga: namba fupi.
Ukoga wenyewe: namba ndefu, nikaihesabu mara mbili.
Nikampigia mama.
"Kumbe nilikuwa nikiwafukuza askari?"
"Askari, mama, na jela, na mahabusu ndani yake."
Akanyamaza. Nikasikia chapati ikigeuzwa.
"Na kiwiko changu je?"

Hicho
sikuwa nimekipima.