Mahali pa Mgongo wa Mlekwa

Waliniita Jumatatu, uji ukiwa bado mdomoni.
Kamera ya ghala la chama imekufa tena, alisema katibu Masesa.
Mchana inaona, usiku inasinzia
kama yule mlinzi tuliyemwachisha.
Akacheka peke yake simuni.

Naitwa Kalunde, kijiwingu, nilizaliwa siku ya mvua,
na Urambo nzima haijachoka na utani huo:
wingu kutengeneza mambo ya jua!
Nikabeba ngazi, kipimo,
bisibisi mbili, moja haina mpini.

Mulika nyoka ukianzia miguuni pako.
Nikaanza na kilicho karibu.
Kioo cha paneli kilivaa utando wa moshi wa mabani,
msimu mzima wa kukausha tumbaku,
moshi wenye mafuta, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Nikasugua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande.
Kipimo kikapanda kidogo, kikasita,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Nikachomoa plagi. Ndani, udongo:
nyigu alishajenga chumba kimoja, bila kibali.
Nikamhamisha kwa mswaki,
nikakwangua kutu ya kijani kwenye shaba,
nikafunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

Betri: asilimia tatu.

"Basi ni yeye," akasema katibu.
"Nani?"
"Mlekwa. Ana kinyongo. Anakuja usiku, anachomoa."

Sikujibu. Nilikuwa natazama kivuli changu.
Saa sita mchana, mwezi wa sita,
kivuli changu kimelala kusini,
na paneli, imesimama wima kama mdai mlangoni,
inatazama kusini vilevile.
Miezi miwili imelipa jua kisogo.
"Nani aliifunga hivi?"
Katibu akaniletea kijitabu kilichotoka na boksi.
Elekeza kusini, kinasema.
Kimeandikwa na watu
ambao jua lao hupita upande mwingine wa nyumba.

Haya, iende wapi?
Tangi la maji lina kivuli chake cha asubuhi,
mashine ya kusaga ina chake cha jioni,
na mimi sina siku nzima ya kukaa nikivihesabu.

Ndipo nikaliona: ukuta wa kaskazini,
doa jeusi, laini, linang'aa,
upana wa mgongo wa mtu.
Chini yake, ardhini, vishimo vitatu vya kigoda.

"Hapo?" Katibu alikuna shingo.
"Hapo alikuwa anaota jua akitoka zamu.
Miaka kumi na mmoja."

Miaka kumi na mmoja ya kuitoa baridi mifupani
kwa kusogea hatua moja, nusu hatua,
mpaka mgongo ukajua.
Kipimo changu nilikinunua mwaka jana.

Nikaifunga paneli juu ya doa, nikailaza kidogo,
uso kaskazini.
Kitaa chekundu kikapepesa, kikatulia.

Jumatano asubuhi, asilimia tisini na moja.
Tukafungua picha za usiku.
Paka. Popo. Vumbi likipita bila haraka.
Saa tisa na dakika kumi, mtu mwenye koti refu.
"Si nilikuambia!" Katibu akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Mlekwa hakugusa waya.
Alilivuta kufuli, mara moja, mara mbili,
akatega sikio.
Kisha akatazama juu, penye kijicho cheusi,
akakiinulia mkono
kama watu wanavyopokezana zamu,
akashika njia ya kwao.

Katibu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza bei.
Nikaandika: sabuni, mpira, nauli, kazi ya fundi.
Mstari wa mwisho:
ushauri wa mahali pa jua, alipwe Mlekwa.
Kiasi nikakiacha wazi.