Hesabu ya Katibu

Jina alipewa na Kokushubila, binti yetu,
kwa kuwa karatasi yoyote iliyoanguka sebuleni
ilipitia kwake kwanza:
risiti ya luku, kadi ya mchango wa harusi,
barua ya serikali ya mtaa kuhusu takataka.
Zote alizisoma kwa meno.

Sasa Kokushubila yuko bweni, Kilosa.
Kaniachia simbilisi wawili na daftari la maagizo.
Jike hakuwa na subira, wala Katibu.
Siku sabini, watoto watatu. Siku sabini tena, wanne.
Majirani wa Segerea wakaanza kufunga geti wakiniona na boksi.
Nikasema basi, ahasiwe.

Kijiweni kwenye kahawa Mbwambo akakunja mguu juu ya mguu:
"Umetoa elfu arobaini kuhasi panya?"
Si panya, nikasema.
Wakacheka mpaka muuza kashata akasahau chenji.

Daktari Mushumbusi alishona nyuzi nne.
Siku ya kwanza alikula. Ya pili alikula.
Ya tatu akageukia ukutani
kama mtu aliyeletewa habari asiyotaka kuijibu.
Nilipompindua, uzi mmoja umeachia,
na kando ya kidonda uvimbe, mgumu kama kunazi,
wa moto kuliko kiganja changu.

Adventina ni muuguzi, zamu za usiku, Amana.
Nikamwamsha. Akabonyeza, usaha ukatoka,
akanawa mpaka kwenye viwiko.
"Nina wagonjwa thelathini na wawili wodini," akasema.
"Huyu ni wako."

Basi ni wangu.
Maji ya chumvi ya vuguvugu, asubuhi na jioni.
Dawa, nukta tatu, si nukta nne,
na penisilini kamwe, daktari alirudia, hiyo itamuua.
Chakula cha sungura kilichotwangwa, hoho, maji,
kwa bomba la sindano lisilo na sindano,
kila baada ya saa tatu, kuche kusikuche,
maana tumbo la simbilisi likisimama
halina desturi ya kuanza tena.

Saa tisa usiku umeme ukakatika. Februari.
Nikamfunga kwenye taulo bichi, tochi ya simu mdomoni,
mimi fundi vigae, mikono ya saruji,
nikangoja taya dogo lilegee.
Tone. Limemwagika kidevuni.
Tone. Amelikataa.
Tone, na koo likapanda, likashuka.

Sikuwahi kumlisha Kokushubila usiku.
Nilisikia kilio, nilisikia kijiko kikikoroga,
nikageuza mto upande wenye ubaridi.

Jumapili akapiga kwa simu ya matroni.
"Katibu anakula?"
"Anakula." Bomba lilikuwa mkononi, haukuwa uongo wote.
"Na choo anapata?"
Nikasema mtandao unasumbua.

Maana hesabu yenyewe ndiyo hiyo, choo.
Nilikuwa nikiandika nyuma ya risiti:
Ijumaa, kumi na vinne.
Jumamosi, vitano, vidogo, vimechongoka.
Jumapili, hakuna.
Nimehesabu vigae vya hoteli nzima kule Masaki,
sijapata kuogopa sifuri namna ile.

Jumatatu alfajiri nikakata ukoka kando ya reli
kabla mbuzi wa watu hawajaufikia.
Hakuugusa. Nikamsugua tumbo kwa vidole viwili,
duara, duara, taratibu,
kama ninavyopitisha grauti kwenye kona finyu.

Saa kumi na moja jioni nikasikia karatasi.
Ameishika ile risiti pembeni,
anakula Ijumaa.
Na chini yake, kwenye taulo, kimoja.
Nikangoja. Kingine.

Adventina alikuwa bado amelala, sare imening'inia mlangoni.
Nikamwamsha tena, nimevileta kiganjani.
Akafungua jicho moja, akauvuta mkono wangu kwenye mwanga.
"Vikavu kidogo," akasema. "Mwongeze maji."
Akageukia ukutani, akalala,
nami nikabaki nimesimama pale, kiganja wazi,
sijui niviweke wapi.