Siku Tano

Ofisi ya chama cha wafuga nyuki, Isevya.
Seva inavuma kama mzinga uliojaa.
Barua ya bei ya asali imebisha Sikonge
ikajibiwa: bado.

Bado si hapana.
"Hapa hakuna mtu huyo," hiyo ndiyo hapana;
barua inarudi papo hapo kwa aliyeituma.
Bado hupigiwa hodi tena:
dakika tano, robo saa, saa nzima,
kisha kila baada ya saa nne,
maana abishaye mfululizo
hudhaniwa mwizi, akakomewa mlango.

"Na mwisho wa kubisha?" akauliza Mihayo, mhasibu.
Nikaandika: siku tano.
"Umeipa mashine subira," akasema,
akarudi kwenye risiti zake za ndoo.

Usiku nalitazama jina la Nyanzala kwenye simu.
Nilimpigia mara moja, baada ya arobaini ya baba,
tulipogombania lile shamba la tumbaku.
Hakupokea.
Nikamwandikia mwenyewe hapana
ambayo hakuitamka.

Miezi saba.
Kwa kanuni yangu, barua hii ingekwisha kurudi zamani.

Napiga.