Ile Moja

Isyonje, Julai. Ukungu umekaa juu ya viazi
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Ambakisye anapiga simu alfajiri,
sauti imekunjwa na baridi:
"Tusekile, mtambo wako umelala?"

Haukulala, Amba.
Haukulala hata dakika moja,
ndiyo maana umekufa.

Kiendeshi kile nilikiandika mwenyewe,
Uyole, chumba cha nyuma ya duka la mbolea,
soksi mbilimbili, kompyuta mapajani.
Kihisi kipime ubaridi wa udongo kila robo saa,
kiseme, kisha kilale.
Jua la huko ni la kudokoa,
betri haina cha kuchezea.

Sheria yenyewe ni ya jikoni.
Anayekihitaji aongeze moja,
aliyemaliza apunguze moja,
ikibaki sifuri, zima.
Lakini si papo hapo. Subiri sekunde mbili,
maana aliyesahau chumvi hurudi mlangoni,
na kuwasha nako kunakula.
Kabla ya giza, nakili rejista pembeni,
zisije zikaamka hazijijui.
Mama hufanya hivyo na makaa:
huyafukia majivuni, hayamwagii maji,
asubuhi pumzi moja tu.

Nikasoma kumbukumbu za mtambo mstari kwa mstari.
Usiku wa pili, saa nane na robo,
kihisi kiliitwa, hakikujibu;
msimbo wangu ukapokea kosa,
ukatokea mlango wa uani
bila kupunguza ile moja.

Moja.
Hakuna aliyekuwa akikitumia,
na hesabu inasema yupo mtu.
Kikakesha kikimngoja
hadi tone la mwisho la umeme.

Nimeongeza mstari mmoja. Neno na mabano yake.
Jalidi ilishapita upande wa bondeni,
majani meusi, yanavunjika ukiyagusa.
Amba hajalalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu.

Leo usiku amepanda na betri mpya,
kavaa makoti mawili, simu sikioni,
nami Uyole natazama namba zinavyokuja:
moja. Nyuzi tatu. Sifuri.
Kimelala.
Robo saa. Moja. Nyuzi mbili na nusu. Sifuri.
Kimelala tena, kwa adabu kabisa.

Saa tisa kasoro nasikia anakohoa:
"Dada, bado umeshika simu?"